Aliyeonja Amenunua

Sisi watu wenye asili ya Tiro, mungu wetu Melkarti atusamehe, tumejaliwa kila kitu ila akili ya kutoa majina. Kutengeneza rangi ya zambarau tunaweza, ingawa inanuka. Kusafiri hadi mahali ambapo bahari yenyewe imechoka tunaweza. Lakini mpe mtu wetu ufuo, maji ya kunywa na mawe ya kujengea, kisha umuulize mji utaitwaje. Atakuna kichwa, atatazama huku na kule, mwishowe atakwambia, "Si ni mpya? Basi Mji Mpya." Ndivyo alivyofanya aliyeujenga huu wetu hapa Libya, ndivyo alivyofanya aliyeujenga ule wa Kipro, na sina shaka mwingine yuko njiani sasa hivi na jembe lake, akijiona ana kipaji. Huu wetu umeshapata nyufa, ukuta wa upande wa bandari umeegemea nguzo, na bado ni Mji Mpya.

Na majina ya watu je? Ni yaleyale. Simama gatini uite "Bodo", wageuke nusu ya wanaume na mbwa mmoja. Mimi mwenyewe ni Batnoamu binti wa Batnoamu, mke wa Shafati mwana wa Bodo mwana wa Shafati, na mwanangu wa kiume msiniulize anaitwaje.

Nayasema haya kwa sababu bila uvivu huo nisingekuwa na mama mkwe niliye naye. Kuna siku nashukuru. Kuna siku naona heri mji huu ungeitwa Kitunguu, mradi liwe jina lake peke yake.

Mama mkwe anaitwa Arishati. Ukinunua mkate mtaa wa wafinyanzi umeshamwona. Ndiye yule mfupi mwenye makovu ya moto mikononi, anayekuambia umenenepa kabla hata hujamsalimu. Na yule aliyekaa nyuma yake anakanda unga, kimya kama gunia, ni baba mkwe, Bodo wa Mkate. Mama mkwe husema kwa niaba ya wote wawili, na ukichelewa kujibu atasema kwa niaba yako pia.

Jinsi alivyofika hapa, humsimulia kila mteja asiye na haraka. Nimeisikia mpaka naweza kuisema nikiwa nimelala. Yeye huianza kwa kumlaani mjomba wake na kuimaliza kwa kumsimanga mumewe. Mimi nitaanza na jiwe, maana jiwe ndilo lililotangulia.

Baba mkwe alipokuwa kijana alirithi kwa baba yake tanuri moja zuri na jiwe moja la kusagia lililopasuka. Mawe ya huku kwetu ni laini. Ukisagia shayiri, na jiwe lenyewe linasagika, mkate ukitoka ni nusu shayiri na nusu mlima. Watu walimwita Bodo Mchanga. Walisema mkate wake unaula huku unajenga. Kuna mama mmoja alivunjika jino akiula, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kutambua lipi jino na lipi jiwe. Wote hao walikuwa wakinunua kwake kwa sababu tanuri la pili liko mbali na sisi watu wa mtaa huu ni wavivu wa kutembea, lakini mtu hafurahi kuuza kwa sababu hiyo.

Jiwe la kusagia linalostahili jina hilo ni lile jeusi, zito, lenye vitundu vidogo vidogo, litokalo milimani nyuma ya Tiro. Hilo halitoi mchanga hata usagie mpaka wajukuu. Baba mkwe akajinyima mvinyo, akajinyima viatu, mwishowe akamwagiza nahodha aliyekuwa anakwenda Tiro: jiwe jeusi la kusagia, la Bodo mwana wa Shafati, Mji Mpya. Nahodha akayarudia maneno hayo bila kukosea hata moja, akatweka tanga.

Sasa, katika Mji Mpya wa Kipro palikuwa na mtu mwingine, mfanyabiashara wa shaba, amefiwa na mke, mwenye nyumba kubwa na tumbo la kulingana nayo. Jina lake mmeshalijua. Tumwite Bodo wa Shaba tusije tukapotea. Huyo naye alikuwa ametuma ujumbe Tiro, si kwa ajili ya jiwe. Alitaka mke.

Arishati alikuwa yatima, analelewa na mjomba wake mfuma nguo, na mjomba ana binti zake wa kuoza. Posa ya Kipro ilipokuja hakuuliza mara mbili. Arishati akajifumia shela ya harusi kwa mkono wake, kitani nyembamba, ukiitandaza juani unaona vidole vyako upande wa pili. Mjomba akampeleka gatini, akamkabidhi mpagazi.

"Huyu ni wa Bodo mwana wa Shafati, Mji Mpya," akasema.

Mpagazi alikuwa ametoka kukabidhiwa jiwe, nalo ni la Bodo mwana wa Shafati, Mji Mpya. Merikebu mbili zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu. Jiwe akaliweka huku na binti akamweka kule, akaenda zake kula. Hata kumlaumu huwezi, alifanya alichoambiwa.

Kipro kutoka Tiro ni karibu. Arishati alisinzia akaamka, akasinzia tena akaamka, akatapika kidogo, na kila akitazama anaona maji. Mwishowe akamwendea nahodha.

"Baba nahodha, Kipro bado?"

"Kipro tumeiacha mkono wa kulia juzi, binti yangu. Ulikuwa unatapika."

"Lakini mimi naolewa Kipro. Mji Mpya."

"Na mimi nakwenda Mji Mpya."

"Basi si ndiyo huko?"

"Ndiyo huko, ila si Kipro."

Walizunguka hivyo mpaka mabaharia wakaacha kazi wasikilize. Arishati alipoelewa alimwambia nahodha ageuze merikebu. Nahodha akautazama upepo, upepo ulikuwa mzuri, na hakuna nahodha wa kwetu atakayeuacha upepo mzuri kwa sababu ya harusi isiyo yake.

"Na hukuona kwamba huna jiwe?" Arishati akamuuliza. "Uliagizwa jiwe, ukapakia mtu, hukushangaa?"

"Niliambiwa mzigo wa Bodo umeshapanda," nahodha akasema. "Sikuambiwa kama unaongea."

Baba mkwe alikuwa gatini tangu asubuhi na mkokoteni wa punda, kamba nene begani, na rafiki zake wawili wa kusaidia kubeba. Nahodha akashuka, akamsogeza mbele Arishati na shela yake.

"Mzigo wako huu."

Baba mkwe akamtazama yule msichana. Akaitazama kamba. Akamtazama tena.

"Jiwe liko wapi?" akasema.

Hapo mama mkwe akiwa anasimulia hushika kiuno. "Hayo ndiyo maneno ya kwanza mume wangu aliyoniambia hapa duniani," huwaambia wateja. "Wenzangu waliambiwa karibu."

Wakati huo bahari ilikuwa inafungwa. Baridi ikianza, hakuna merikebu ya kurudi mashariki mpaka dhoruba ziishe, na mwenye kubisha, bahari humsubiri immeze. Mama yake baba mkwe, bibi Amotbaali, alifika akiwa na unga mpaka kwenye nyusi, akasema mtoto wa watu halali gatini, akamchukua Arishati akalale chumbani mwake. Bahari ikifunguka, atapelekwa kwa mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza wakampa mkate. Arishati akauma, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Samahani, mama," akamwambia bibi Amotbaali. "Hiki mmekipika au mmekichimba?"

Mtaa mzima ulikuwa ukimcheka Bodo kisogoni, lakini usoni kwake hakuna aliyethubutu. Bodo, aliyekuwa amechutama mbele ya tanuri, akafikiri.

"Vyote viwili," akasema.

Arishati akacheka mpaka akapaliwa, na nadhani ndipo mambo yalipoanza, ingawa ukimuuliza atakataa.

Akashika kazi, kwa kuwa hawezi kukaa bure. Akakuta chekeche lao la matete, matundu yake makubwa, mchanga unapita unavyotaka. Akavumilia siku chache. Kisha bibi Amotbaali akamkuta amekaa kizingitini ameitandaza ile shela magotini, kisu mkononi.

"Mwanangu, hiyo si ya harusi?"

"Ilikuwa, mama. Bwana harusi akinitaka atanipokea uso mtupu. Mimi siwezi kula mlima mpaka bahari ifunguke."

Akaikata, akaiwamba kwenye duara la mti, akachekecha. Mchanga ukabaki juu, unga ukashuka chini laini kabisa. Mtaa ulipoonja mkate wa siku hiyo, watu walirudi kununua wa pili, wengine kwa kutoamini tu. Jina la Bodo Mchanga likafa kabla ya baridi kwisha.

Sasa nitasema jambo ambalo mama mkwe huligusia juu juu. Alimpenda. Alimpenda kwa sababu kila asubuhi mkate wa kwanza kutoka tanurini, ule wenye gamba zuri, aliukuta umewekwa juu ya kiguzo cha mlango, umefunikwa, na hakuna aliyesema ni wa nani. Alimpenda na alikuwa anasubiri neno moja kutoka kwake: kaa. Neno fupi hilo, hata mtoto analiweza. Baridi yote Bodo akamwambia unga umekwisha, kuni zimelowa, mama anakuita, kesho upepo. Hilo moja halikutoka. Na bahari haikumsubiri.

Merikebu ya kwanza kutoka mashariki ilileta jiwe. Lilikuja na mpwa wa Bodo wa Shaba, kijana aitwaye Palti, pete kila kidole, ambaye alishuka gatini akinusa hewa yetu kama imemkosea.

"Mjomba anasema hivi," akatangaza. "Jiwe lenu hili hapa. Mke wake yuko wapi?"

Watu wakajaa gatini, maana kwetu hakuna mchezo unaopita kesi. Mwamuzi wa bandari, mzee Yatoni, akaletwa, akaketi juu ya kamba zilizoviringwa na bakuli lake la zeituni, maana yeye haamui na njaa. Akasikiliza. Akasema kesi hii haina uzito: mizigo imepishana, kila mtu arudishiwe chake. Jiwe lishuke, binti apande.

Hapa lazima niwaeleze sheria yetu nyingine, ambayo haikuandikwa popote kwa kuwa hakuna asiyeijua. Aliyeonja amenunua. Ukiweka zeituni moja mdomoni, mtungi ni wako, ukipenda usipende. Mimi ni mtoto wa wauza samaki wa chumvi, na nimeshamtwisha Mgiriki mmoja mtungi mzima kwa sababu ya mkia aliotafuna akidhani ni salamu.

Basi. Arishati amesimama gatini, amevaa gauni lake jekundu la Tiro, la pekee lenye hadhi alilokuwa nalo, kifurushi mkononi. Anamtazama Bodo. Watu wote wanamtazama Bodo. Huu ndio wakati wake wa kusema, kama analo la kusema. Na Bodo, mbele ya kadamnasi, akampita Arishati kama anavyopita mtu nguzo, akaenda kupiga magoti mbele ya jiwe.

Akalipapasa. Akaingiza kidole kwenye vitundu, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayemkagua ng'ombe meno. "Nikasema moyoni," mama mkwe husimulia, "haya, amepata alichokuja kukisubiri na kamba yake. Kwa heri, Arishati." Na hapo sauti yake hubadilika kidogo hata leo, kisha hujikohoza.

Kisha Bodo akainuka, akamrudia, akasimama mbele yake. Arishati akadhani sasa atasema. Bodo akainua kidole chake akakipangusa kwenye mkono wa gauni lake, kuanzia bega mpaka kiwiko, akarudi nyuma.

"Wewe mwanamume," Arishati akamwambia, mbele za watu wote, "mimi nimekuwa tambara? Huna nguo yako?"

Arishati akalitazama gauni lake aone uharibifu. Juu ya ule wekundu palikuwa na mstari mweupe. Akaugusa. Akaunusa. Shayiri.

Sijui kama mmewahi kumwona mama mkwe anapopata wazo. Kwanza ananyamaza, na hiyo peke yake inatisha. Kisha akamgeukia mwamuzi kwa adabu zote za Tiro.

"Baba mwamuzi, naomba nimuulize mgeni swali moja dogo."

"Uliza, binti."

"Ndugu Palti, jiwe hili lilikaa wapi baridi yote?"

"Nyumbani kwa mjomba. Lingekaa wapi?"

"Limekaa tu?"

"Jiwe hukaa. Ndiyo kazi yake."

"Na huu unga umelitoka jasho?" Akaunyoosha mkono wake watu waone. "Jiwe jipya kutoka mlimani halina unga. Hili lina unga mpaka ndani ya vitundu."

Palti akazungusha pete. "Labda wapishi. Baridi ilikuwa ndefu, jiwe liko pale ukumbini, zuri... Walisaga kidogo."

"Na zeituni moja nayo ni kidogo," Arishati akasema.

Gati lote likacheka. Mzee Yatoni alikuwa na zeituni mdomoni, akatema kokwa ili acheke vizuri. Akasema sheria ni sheria. Bodo wa Shaba alipelekewa jiwe badala ya mke, akawa na baridi nzima ya kulikataa, akalisagia. Ameonja, amenunua. Jiwe ni lake.

Lakini Palti hakuwa mjinga, mjini kwao ni wafanyabiashara vilevile. Akainua mkono wenye pete.

"Vizuri, sheria ikate kotekote. Na huyu mwokaji naye alipelekewa mzigo usio wake. Kama hakuonja, aurudishe. Na kama ameonja, aseme hapa hapa mbele za watu."

Bibi Amotbaali akajifunika uso kwa kitambaa chenye unga alichojifunga, rafiki za Bodo wakatazama mawingu. Bodo akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Hajaonja," Arishati akasema, bila haya hata chembe. "Baridi yote nimelala chumba kimoja na mama yake, na mama yake anakoroma. Hajaonja, na kama leo ni siku ya kutoa malalamiko, mimi langu la kwanza ni hilo."

Hapo inasemekana mzee Yatoni alianguka kutoka kwenye kamba zake. Mimi sikuwepo, nilikuwa sijazaliwa, lakini mama yangu alikuwepo na alisema aliinuliwa na watu wawili.

"Basi nirudishwe kwa nani?" Arishati akaendelea wakati mwamuzi anapanguswa. "Kwa Bodo wa Shaba? Yeye ameshapokea mzigo wake, na mtu hapokei mizigo miwili kwa agizo moja. Kwa Bodo wa Mkate? Hakuniagiza. Mimi ni mzigo usio na mwenyewe, baba mwamuzi, na mzigo usio na mwenyewe ni wa aliyeuokota. Nimejiokota."

Mzee Yatoni akatafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona, akaamua hivyo hivyo. Palti akaamuru jiwe lipandishwe tena. Likafungwa kamba, wapagazi wakalivuta. Mwamuzi akamgeukia baba mkwe.

"Na wewe, mwokaji, huna neno?"

Baba mkwe akalitazama jiwe likipanda, jeusi, zuri, lile alilojinyimia mvinyo na viatu, mpaka likamezwa na merikebu. Kisha akamtazama Arishati.

"Mikate iko tanurini," akasema. "Twende, itaungua."

"Hiyo ndiyo posa yangu," mama mkwe huwaambia wateja. "Wenzangu waliletewa dhahabu, mimi niliambiwa mikate itaungua. Nikaenda, kwa sababu kweli ilikuwa inaungua."

Wakaoana. Wakapata watoto, wa mwisho wakampa jina la bibi Amotbaali, naye anakoroma. Jiwe jeusi baba mkwe hakuagiza tena. Mpaka leo anasagia lile lililopasuka, na mama mkwe anachekecha, kila chekeche likichakaa anafuma lingine kama lile la shela. Kwa mama mkwe, kutoagiza huko ni ushahidi. Anadai bado mumewe anaomboleza. Lile jiwe la Kipro analiita "mke mwenzangu".

Baba mkwe akisahau chumvi: "Akili iko kwa mke mwenzangu." Akikaa kimya sana jioni: "Mnaongea naye?" Akiumwa mgongo: "Nenda Kipro, kuna mtu ulimpapasa vizuri, naye akupapase." Na kila ugomvi, uwe wa kuni au wa watoto, huishia pale pale: "Wewe ulianza na jiwe. Uliniacha nimesimama, ukaanza na jiwe." Baba mkwe hukanda unga.

Tulicheka miaka yote. Lakini kuna asubuhi moja nilimkuta anachekecha peke yake, na bila kugeuka akaniuliza, "Wewe mtoto wa wauza samaki, mumeo alipokuja kwenu, alikuja kukuona wewe?"

"Ndiyo, mama. Ingawa alinunua na samaki."

"Una bahati," akasema, akaendelea kuchekecha. Tangu siku hiyo ule mzaha wa mke mwenza ukawa haunichekeshi kama zamani, maana nilijua unatoka wapi.

Sasa, nguo za nyumba hii nzima nafua mimi. Kwa hiyo nawajua watu wa humu kwa madoa yao. Mume wangu ana mvinyo, mwanangu ana kila kitu. Baba mkwe hana doa. Mwokaji mzima, na nguo zake ningeweza kuzirudisha kabatini bila kuzifua. Ana kitambaa kiunoni, na mikono yake hufuta hapo na si penginepo. Mjukuu wake alipojifuta unga kwenye pazia, mzee ambaye hasemi alisema, na alisema kwa muda mrefu.

Majuzi mama mkwe alikuwa anamsimulia mke wa mfinyanzi mgeni hapa mtaani. Mimi nimekaa kando na beseni la nguo, baba mkwe anakanda, kama kawaida. Mikate imo tanurini. Mama mkwe akafika pale: "...akaja akajifuta kwangu kama mimi tambara la jikoni." Na mimi, mkononi nina kitambaa cha kiunoni cha baba mkwe, nakikamua, kikanisimamisha mkono.

"Baba," nikasema. "Siku ile gatini, kitambaa chako kilikuwa wapi?"

"Kiunoni."

"Basi kwa nini ulijifuta kwenye gauni la mama?"

Baba mkwe akakanda. Akageuza donge. Nilidhani hatajibu, na mama mkwe alikuwa ameshafungua mdomo ajibu kwa niaba yake.

"Mimi si msemaji," akasema. "Msemaji ni yeye. Nilijua akiuona unga atasema."

Mke wa mfinyanzi akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama mkwe.

"Kwa hiyo pale kwenye jiwe ulikuwa unatafuta..."

"Unga. Nani anakaa na jiwe kama lile baridi nzima asisage?"

"Na ulijua ukiuonyesha, jiwe linaondoka."

"Aliyeonja amenunua," baba mkwe akasema, kama mtu anayemkumbusha mtoto. "Ningenyamaza, jiwe lingebaki."

Akapaka mikono yake unga mkavu, akaendelea na donge lingine. Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe alikuwa amesimama na koleo la mikate mkononi, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba hii hakuna kilichotoka.

"Bodo," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo mimi siijui. "Miaka yote hii nakusimanga mbele za watu. Kwa nini hukuniambia?"

Baba mkwe akafikiri.

"Ulikuwa unasimulia vizuri," akasema.

Mama mkwe akaliweka koleo chini. Akamwendea, akachutama mbele yake pale sakafuni, akainua kidole chake chenye unga, akakipangusa kwenye nguo ya mumewe, kuanzia bega mpaka kiwiko, pole pole. Mzee akautazama ule mstari mweupe na hakuugusa. Wala mimi sikuthubutu kuwaambia kwamba mikate inaungua. Iliungua yote, tukaiuza hivyo hivyo.